Soko la Hewa Lilianguka, Pemba Ikabaki

Bamama, bababa, na nyinyi vijana mnaosimama mlangoni kama watu wanaotaka kukimbia, nashukuru mmenipa nafasi. Mama mkubwa wa shirika letu hili la sala ameniomba mara nyingi nisimame hapa, na kila mara nilijificha nyuma ya sufuria. Leo sufuria zimeoshwa. Sitataja jina la mtu wala la kampuni, maana sikuja kushtaki. Nimekuja kusema namna nilivyoanguka, na nani aliniokota.

Wengi wenu mnanijua kwa makala, haya makaa ya kupikia. Tangu mume wangu afariki nilikuwa nauza makala hapa Katuba, na vumbi lake lilinishika mpaka kwenye kucha. Mnamkumbuka padri wetu wa zamani, siku za komunio alikuwa ananiwekea hostia ulimini tu, mkononi hakutaka kabisa. Chekeni, ni kweli. Makala yangu mazuri yalitoka kwao mama yangu, kijiji kimoja upande wa Mitwaba, ambako mjomba wangu ni chifu. Huko aliishi mdogo wangu wa mwisho, tumbo moja, pamoja na mume wake. Shemeji alikuwa fundi wa tanuru: anakata miti, anaipanga, anaifunika kwa majani na udongo, anaichoma polepole bila kuiacha iwake. Mdogo wangu anajaza mifuko, kamio, lile lori, inaleta mjini, mimi nauza. Maisha hayakuwa matamu, lakini mtu akiugua, tanuru moja lilitosha kumfikisha hospitali. Hilo mlishike, maana habari yangu yote imefungwa hapo.

Basi wakaja watu wa hewa. Sisi ndivyo tulivyowaita.

Ndugu zangu, nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Eti kule mbali kuna makampuni yanayotoa moshi mwingi, viwanda, ndege, na serikali zao na wateja wao wanawasumbua kwa ajili ya moshi huo. Sasa wanatafuta msitu unaosimama mahali fulani, kwa kuwa mti unavuta ule uchafu wa hewa na kuushika mwilini mwake. Msitu ukiachwa bila kukatwa, wataalamu wanapima ni moshi kiasi gani haukutoka, wanaandika vyeti, na vyeti vinauzwa sokoni, vinapanda na kushuka bei kama unga. Aliyenieleza alikuwa agronomu, mtaalamu wa kilimo wa kampuni yao, kijana wa hapahapa Lubumbashi, viatu safi, maneno laini. Nikamwuliza: "Donc miaka yote hii mi nilikuwa natoa moshi bule, na kuko bantu banaununua?" Akacheka na yeye. "Hapana, mama. Banalipa kusudi usiutoe."

Walinitafuta kwa sababu niliwajua wachomaji wote wa upande ule. Walitaka mtu wa kwenda kuongea nao, awaambie wazime matanuru. Nilikubali, na msidhani nilinunuliwa kwa chupa ya bia. Mnajua wenyewe, zamani ukitoka mjini kidogo tu ulikuwa porini. Leo unakaa juu ya kamio mpaka kiuno kinauma ndipo unaona mti wenye kivuli. Nilitamani pori la mama yangu libaki. Niliona Mungu amenipa kazi yenye maana, na mshahara juu yake.

Mkutano ulifanyika kijijini. Waliahidi mashine ya kusaga, mgawo kwa kila familia vyeti vikiuzwa, na mbele ya safari zahanati. Watu wakaweka dole gumba kwenye karatasi. Lakini mimi niliwatazama macho, nikajua kesho yake mashoka yatalia. Kwetu karatasi ni kitu cha bureau, cha ofisini. Kinachomshika mtu ni pemba, ule udongo mweupe. Chifu akikipaka kitu pemba, awe ni mti au kisima, na wanaokubaliana wakaweka mikono yao pale na kusema kwa kinywa, kitu hicho kimefungwa. Anayevunja haugui yeye, wanaugua watoto wake. Ndiyo sababu hakuna anayevunja.

Nikamvuta agronomu pembeni. Nikamwambia, "Karatasi yenu muipeleke mujini. Huku bantu banaogopa pemba." Akafurahi kama mtu aliyeokota almasi. "Mama, hiyo njo garantie ya kweli!"

Mjomba hakukimbilia. Aliuliza swali moja: "Na bale banaonunua, mukono yabo iko wapi?"

Agronomu akasema, "Mi njo mukono yabo."

Mjomba akachukua pemba. Akapaka mti mkubwa wa mulombwa ulio mwanzo wa pori, akaweka mkono wake. Mimi nikaweka wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaleta wageni. Agronomu akavua saa, akaweka wake. Alama tatu nyeupe. Watu wote wakasema kwa kinywa kwamba shoka halitaingia. Bamama, siku ile nilijiona mwenye akili kuliko kampuni nzima.

Mwanzo ulikwenda vizuri, lazima niseme ukweli. Wapimaji walikuja, wakazungushia miti kamba zao, wakapigilia vibati vyenye namba. Mashine ya kusaga ikafika. Mgawo ukafika pia, ukachelewa, ukafika tena. Matanuru yakapoa, nyasi zikaota juu yake. Mimi niliacha makala kabisa, kucha zangu zikarudi rangi yake, na hapa mtaani mkaanza kuniita Mama Hewa. Nilijifanya kukasirika. Kumbe nilipenda.

Halafu mgawo haukufika. Tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Mashine ikakosa mazutu, mafuta yake, ikasimama. Gari la kampuni likaacha kuonekana, na siku moja nilikwenda bureau yao hapa mjini nikakuta meza zimetolewa, sentineli, mlinzi wao, amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, na yeye alikuwa hajalipwa. Aliniambia mkubwa wao amepanda ndege, hakuaga hata mpishi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kule mbali watu walianza kuuliza: vyeti hivi vinapimwaje? Kuna misitu iliyouzwa kana kwamba inataka kukatwa kesho, kumbe hakuna mtu aliyekuwa na shoka karibu nayo. Makampuni yaliyokuwa yanajisifu kwa vyeti hivyo yakashikwa na aibu, yakaacha kununua. Bei ikaanguka. Msitu wetu haukuwa uongo, matanuru yalizimwa kweli na watu walikaa njaa kweli. Lakini nyinyi bamama wa soko mnajua, nyanya zikioza kwenye beseni moja, mteja anapita hata beseni la jirani.

Soko likafa, karatasi ikafa. Pemba ikabaki.

Mvua mwaka ule zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Mahindi yakawa mabaya. Watu wa kijiji walikuwa wamekaa katikati ya miti, kila mti ni chakula na dawa na nauli, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Nikapanda kwenda kwa mjomba. Nikapiga magoti. "Mujomba, fungula. Bale bantu balishakimbia."

Akanijibu: "Mukono yenye ilifunga njo inafungula. Yote. Nikifungula miye moja, nani ataamini? Batakata na woga, na mutoto wa kwanza akigonjwa batasema ni miti. Lete ule kijana."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia yeye ni mzee wa kichwa kigumu, na hayo nayajutia. Nikarudi mjini kumtafuta agronomu. Simu yake imezimwa. Kwa mama yake nikaambiwa alihama, hawajui alipo. Nilizunguka mpaka viatu vikapasuka, na mimi mwenyewe kwangu hakukuwa na kitu, makala nilishaacha na mshahara ulishakufa. Nikakaa.

Sasa nakuja mahali pagumu. Mnivumilie.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mkunga wa kijiji alimshika tumbo akamwambia mapema: mtoto amelala vibaya, huyu hazaliwi huku, mama ajiandae kwenda hospitali Mitwaba. Mapema, ndugu zangu. Muda wa kuchoma tanuru moja ulikuwepo. Shemeji alichukua shoka akaingia porini. Majirani walimwona. Alisimama mbele ya mti wenye kibati tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani, kisha akarudi nyumbani na shoka halina hata utomvu. Mdogo wangu akamwuliza kumetokea nini. Akamjibu, "Nikikata, mutoto njo atakufa. Pemba inakamataka batoto." Mdogo wangu akanitumia ujumbe kwa dereva wa kamio: yaya, dada yangu, nisaidie. Nilikuwa sina cha kutuma. Nilituma salamu.

Uchungu ulipomshika walimpakia kwenye baiskeli, wanaume wakisukuma, njia imekuwa tope. Alifia njiani. Mtoto alibaki ndani yake.

Nilipofika walikuwa wameshamzika. Bila sanduku, kwa sababu sanduku ni mbao na mbao ni mti. Walimfunga kwenye mkeka. Hata msalaba hakuwa nao. Shemeji alikuwa ameng'oa mlango wa jiko la mdogo wangu, ule mlango aliokuwa anaufungua kila siku akiwa na sufuria mkononi, akausimamisha kichwani pa kaburi, na jina la mkewe ameliandika kwa msumari wa moto. Nilipouona ule mlango umesimama kwenye udongo peke yake, hauna ukuta, nikaanza kulia.

Shemeji hakunipiga. Hakupaza sauti. Alisema, "Weye njo ulisema pemba. Karatasi tungeipasulaka." Halafu akasema, "Usinililie huku." Wanawake wa ukoo wetu, wengine nimewabeba mgongoni wakiwa wadogo, walinigeuzia migongo. Niliondoka kilio hakijamalizika.

Hapa mtaani mliniona nimerudi, lakini hamkujua nimerudi na nini. Sitaficha, nilikunywa lutuku, ile pombe kali. Nilikunywa mpaka nikawa nalala kwenye baraza na mbuzi wa jirani. Kanisani sikuja. Nilimkasirikia Mungu, na nilimkasirikia yule mnunuzi wa hewa ambaye sijawahi kumwona uso, aliyeacha kununua huko aliko, akaenda kula chakula chake cha jioni, na mdogo wangu akafa kwenye tope. Kila nilipofumba macho niliona mkono wangu mweupe kwenye mti.

Shirika hili lilikuja kwangu na unga wa bukari, ugali wetu. Niliwatukana kupitia dirisha. Wengine mliondoka, na mlikuwa na haki. Lakini mama mmoja, amekaa hapa leo na anatazama sakafu kwa sababu anajua namsema, alikaa uani akawasha mbabula, jiko la makala. Akasema, "Tukana tu, mama. Siye tunapika." Nikatukana, akapika. Kesho yake akarudi, nikatukana kidogo. Siku moja, anageuza bukari hata hanitazami, akasema: "Ule kijana wako wa hewa, ndugu yangu mumoja alimuonaka Kipushi. Anaoshaka majiwe na bale bachimbaji."

Bandugu, niliinuka. Sijui kama ni Roho Mtakatifu au ni hasira, na padri anisamehe, sijali ni ipi. Nilioga, nikavaa kitenge, nikaenda Kipushi.

Nilimkuta amesimama kwenye maji mpaka magotini, anatikisa ungo wa mawe, mgongo wazi. Vile viatu safi sikuviona. Aliponitambua aliacha ungo uende na maji. Alidhani nimekuja na polisi. Nikamwambia, "Mudogo wangu alikufa juu ya mukono yetu. Njoo tukafungule."

Alilia pale ndani ya maji, wenzake wanamtazama. "Mama, hata miye balinitupa," akasema. "Balinipigia simu mara moja, basi. Banunuzi bameisha, mradi umefungwa, bonne chance, bahati njema." Nikamwambia najua, lakini kule wanangojea mkono wake, si barua yake ya kazi. Akauliza, "Na bakinipiga?"

"Bakikupiga, tutapigwa siye bote mbili."

Akavaa shati. Hakuomba hata muda wa kufikiri, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

Safari ya kwenda juu siwezi kuisimulia yote, kamio ilizama, tukatembea. Tulipoingia kijijini watu walitoka nyumbani wakatutazama. Watoto walikuwa na miguu myembamba. Mjomba alikuwa amekonda mpaka kofia ya uchifu inamwangukia machoni, na hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Mumefika," akaagiza maji.

Kwa desturi ya kwetu, pemba inaoshwa kwenye mti, na mikono iliyofunga inaoshwa pamoja nayo. Anayemwaga maji ni yule aliyeumizwa kuliko wote. Kila mtu alijua ni nani. Shemeji akatoka kwenye kundi na kibuyu chake. Niliogopa, nawaambia. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu akikataa, hakuna wa kumlazimisha, na kijiji kinabaki kimefungwa.

Aliosha mkono wa mjomba. Akamgeukia agronomu. Yule kijana mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya Kipushi. Shemeji aliitazama, akaiona imekuwa mikono ya kazi kama ya kwake, akamwaga maji. Kisha akafika kwangu, akakiweka kibuyu chini.

"Weye hapana," akasema. Watu wakaguna. "Weye kwanza tuende kumuona."

Akanishika mkono, akaniongoza mpaka kaburini. Tukasimama mbele ya mlango. Akasema, "Sasa lia." Nikalia yote niliyokatazwa, na yeye akalia, mwanaume mzima, ameshika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayebisha hodi. Tuliporudi kwenye mulombwa alinimwagia maji taratibu, akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka pemba ikatoka. Siku ile mkono wangu haukuwa na pemba yoyote ya kuonekana, ilishatoka zamani. Lakini alisugua, na mimi niliisikia ikitoka.

Hivyo ndivyo tulivyofunguliwa. Mdogo wangu hakurudi, na msije mkafikiri ushuhuda wangu una furaha ya harusi. Wengine pia walizikwa mwaka ule. Leo shemeji anachoma tena, wamekubaliana sehemu ya kukata na sehemu ya kuacha kwenye chanzo cha maji, na hiyo wameifunga wenyewe, mikono yote ni ya palepale. Mimi nauza makala tena. Tazameni kucha. Na yule kijana alibaki kule, anafundisha watoto hesabu, wazazi wanamlipa kwa mihogo.

Sasa neno langu. Soko lile halijafa moja kwa moja. Linarudi. Mmesikia, wanaita semina kwenye mahoteli hapa mjini, wanasema safari hii kuna sheria mpya, kuna mashine za kupima miti kutoka angani, na bei itapanda. Inawezekana. Sisemi watu wakatae, maana pori linahitaji mlinzi, na mlinzi anakula. Walifika mpaka kwa mjomba. Aliwasikiliza vizuri, akawauliza swali lilelile: mkono wa mnunuzi uko wapi? Akaongeza la pili: siku anaacha kununua, sisi tunafunguliwa siku ileile, au tunangoja tena? Walisema watawauliza wakubwa wao. Mpaka leo wanauliza. Ndugu zangu, mtu yeyote akija kununua kwenu kitu kisichoshikika, muulizeni hivyo kabla hamjaweka mkono. Mimi sikuuliza.

Namshukuru mama wa mbabula, inua uso, dada, yamekwisha. Nawashukuru mlioondoka pia, maana baadaye mlirudi. Namshukuru shemeji, ambaye alikuwa na haki ya kukataa.

Na nimalizie hapa, kabla watoto hawajalala. Mti wa kwanza kukatwa siku ile haukuingia kwenye tanuru. Shemeji aliukata mwenyewe, akachonga msalaba, akausimamisha kaburini. Mlango akaurudisha jikoni. Jina la mdogo wangu bado liko pale, msumari ulizama sana. Kila nikienda, nasimama kidogo nalisoma, halafu naufungua mlango, naingia kuwapikia shemeji na mjomba.